Mashahidi wa Baba

Kostroma, 14 Septemba 1937

Binti yangu Kapa,

Nakusalimu sana. Natumaini barua hii itakukuta mzima, unakula vizuri na kikohozi kimekuacha. Mimi ni mzima, isipokuwa miguu imevimba kwa kusimama. Viazi tumechimba, na kabichi nimeshaitia chumvi.

Mwanangu, kaa chini kwanza. Baba yako amechukuliwa. Walimfuata kiwandani, katikati ya mashine za kitani, mbele ya vijana aliowafundisha kazi. Wanasema ni adui wa umma. Nikifor! Mtu aliyefungwa na mfalme kwa ajili ya umma huohuo!

Kila wiki napeleka vitunguu na mikate mikavu kwenye dirisha la gereza. Wakipokea, ujue mtu yupo. Wiki hii wamepokea. Saveli Kuzmich, yule aliyefungwa pingu moja na baba yako kule Siberia, husimama nami kwenye foleni. Unaujua mdomo wake. Jana kasema kwa sauti, "Anfisa, gereza la mfalme lilikuwa na supu ya samaki. Sasa sisi tulipindua nini, jamani?" Nikamkanyaga mguu. Akasema, "Kanyaga tu, huo uliganda Siberia, hausikii kitu." Foleni nzima ikatazama pembeni, lakini mabega yalikuwa yakitikisika.

Wewe soma. Ukiulizwa, hujui kitu, na usijitie kimbelembele. Barua hii nampa Zakhar, jirani yetu anayefanya kazi kwenye treni. Ukijibu, mpe yeye.

Mama yako


Leningradi, 29 Septemba 1937

Mama yangu mpenzi,

Nakuinamia mpaka chini. U hali gani? Miguu je? Kikohozi changu kimepona.

Nimelia, kisha nikaona kulia hakusaidii. Mama, hili ni kosa, na kosa hurekebishwa. Watu wabaya wamejipenyeza huko chini wanawaonea wakomunisti wa kweli, na Kiongozi hajui. Angejua, angenyamaza? Wenzangu wa Umoja wa Vijana hapa chuoni wananitaka nisimame mkutanoni nimkane baba. Nimewaambia wasubiri kidogo, watajionea wenyewe.

Maana nimeshamwandikia Kiongozi mwenyewe. Nilijua utanikataza, ndiyo maana sikukuuliza. Nimemweleza yote, pingu, Siberia, mgomo wa kiwanda. Na asije akadhani ni maneno ya binti anayempenda baba yake tu, nimetaja mashahidi: Saveli Kuzmich na wewe. Anwani zenu nimeziandika vizuri, wasipate shida ya kuwatafuta.

Weka chai tayari, Mama. Baba anarudi.

Binti yako, Kapa


Kostroma, 17 Oktoba 1937

Kapa,

Natumaini u mzima. Mimi bado nipo.

Umefanya nini, mtoto wewe? Saveli wamemchukua. Walimkuta anamenya viazi. Wakamuuliza, "Wewe ndiye shahidi?" Akasema, "Shahidi wa nini tena?" Wakamjibu, "Wa Nikifor Lukin. Binti yake anasema mnajuana sana." Mama wa chumba cha pili alisikia yote. Anasema Saveli alicheka, akaomba amalizie kumenya, nao wakamkatalia.

Nimekukasirikia, sikufichi. Nilirusha sahani ukutani, kisha nikaokota vipande huku nalia. Mzee yule ndiye aliyekufundisha kuteleza kwenye barafu ya mto. Lakini nitakulaumu vipi peke yako? Foleni nzima hapa inasema hivyohivyo, Kiongozi hajui, na mimi nimo.

Sasa nisikilize. Shahidi aliyebaki ni mimi. Wakinichukua kabla hujanikataa, watakufukuza chuo, halafu watakufuata na wewe. Panda jukwaani umkane baba yako. Kisha nikane na mimi. Niandikie kwa posta, barua yenye maneno makali, ili wale wanaofungua barua za watu waisome. Baba yako angekuwepo angekuamuru hivyohivyo, tena kwa ukali kuliko mimi.

Mama yako


Leningradi, 28 Oktoba 1937

Mama,

U mzima? Nijibu hilo kwanza.

Nimemkana baba. Ukumbi ulijaa. Mwenyekiti akasema, "Paza sauti, Lukina, huku nyuma hatusikii." Nikapaza. Wakapiga makofi, Mama, hata wale waliokula asali aliyoniletea baba mwaka jana.

Saveli hanitoki akilini. Nikishika kijiko namwona. Niliwapa jina lake kwa mkono wangu mwenyewe, tena kwa furaha.

Wewe sikukutaja wala sitakutaja. Mmoja nimemkana, na mmoja nimempeleka gerezani. Usiniombe wa tatu.

Binti yako, Kapa


Kostroma, 12 Novemba 1937

Kapa, mwanangu,

Nakusalimu kwa moyo wote. Mimi ni mzima, baridi tu imeanza kuuma. Nawe uvae vizuri, usijifanye shujaa.

Juzijuzi ilikuwa sikukuu ya Mapinduzi, bendera nyekundu mpaka kwenye ukuta wa gereza. Leo dirishani wamerudisha vitunguu vyangu. "Miaka kumi, bila ruhusa ya kuandikiana barua. Anayefuata!" Mwanamke aliyekuwa nyuma yangu akanishika mkono akasema miaka kumi si mingi. Ananidanganya, na anajua kwamba najua. Katika foleni yetu hakuna hata mmoja aliyewahi kupata habari za mtu aliyepewa hukumu hiyo. Baba yako wamemuua, Kapa. Nimeandika neno hilo mara moja, sitalirudia.

Na wake za watu hao huchukuliwa baadaye. Viatu vyangu vya manyoya viko mlangoni, furushi limefungwa. Siogopi, au tuseme naogopa kiasi. Kinachonila ni kwamba watakapokuja, wewe bado utakuwa binti yangu kwenye karatasi zao. Nipe ile barua. Nakupigia magoti, mimi mama yako. Nikiishika mkononi nitajua umepona, nami nitakwenda nao bila kinyongo.

Mama yako


Leningradi, 24 Novemba 1937

Kwa raia A. P. Lukina.

Nimetambua kwamba kwa miaka yote uliishi na adui wa umma, ukala naye meza moja na kumficha. Mwanamke wa namna hiyo si mama yangu. Sitaki salamu zako wala habari za afya yako. Usiniandikie tena.

K. N. Lukina, mwanafunzi


Leningradi, 19 Desemba 1937

Mama yangu,

Nakuinamia mpaka chini. Sijui uko wapi, sijui wamekuachia viatu vyako, sijui hata kama nikuulize afya.

Barua yangu ya posta imerudi. Juu wameandika kwamba mwandikiwa hayupo. Nilikaa nayo siku kadhaa kabla ya kuituma, Mama. Niliiandika, nikaichana, nikaiandika tena. Sikuweza kuipeleka, na nilipoweza, tayari nilikuwa nimechelewa.

Zakhar amenieleza. Walikuja asubuhi, mlango wameubandika karatasi yenye mhuri. Anasema ulishuka ngazi umenyooka, na ulipompita ulimuuliza kama posta ya siku hiyo imeshapita. Akakwambia imepita. Ukauliza kama kuna chochote chako. Akakwambia hakuna.

Bahasha imefunguliwa na kugundishwa upya. Wameisoma. Jana mwenyekiti amenipa mkono mbele ya wote, akasema Lukina ameonyesha msimamo, aachwe asome. Jina langu limetolewa kwenye orodha yao ya wanaofukuzwa chuo. Uliyoyataka yametimia yote, neno kwa neno.

Zakhar hana pa kuipeleka barua hii, nami sina mwingine wa kumpa. Lakini nimeiandika, kwa sababu kuna habari moja uliyokuwa ukiisubiri pale kwenye ngazi.

Nimepona, Mama.

Binti yako, Kapa