Kopo Lililotoweka Stoo

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na Mama bado anakufichia chumvi. Sisi huku tunapumua, ingawa wiki hii usingizi nimekuwa nikiusikia kwa wengine tu.

Barua yako imefika. Unasema kopo lako la mwisho la dawa ya utitiri limetoweka stoo, na mwizi ni fundi baiskeli kwa kuwa nyanya zake zinashambuliwa kama zako. Mama kaniambia hamsalimiani tena, na Jumatatu unampeleka polisi. Baba, nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujavaa viatu. Kwa simu ungenikatia.

Nilimtajia bwana shamba wa huku jina la dawa hiyo, akashika kichwa. Anasema viwanda viliacha kuitengeneza zamani. Inaua utitiri pamoja na mayai yake, hapo hukukosea, lakini ikifika mtoni inaua na samaki, na udongoni haiishi upesi. Tena ni ya mafuta. Ikigusa plastiki inang'ang'ania, hata usugue kwa sabuni mpaka mikono ichubuke. Niliposikia hivyo nikakaa kukuandikia.

Maana wewe nakujua kwa usafi. Ukimaliza kupima dawa kwa kile kikombe cha plastiki cha bluu, unakiosha, unakikausha, unakirudisha kabatini, na juu ya hayo unajisifu.

Sasa nisikilize. Kopo nililichukua mimi. Asubuhi ile tulipoondoka kwenu mbiombio nikakudanganya kwamba mtoto ana homa kidogo, huyo mjukuu wako unayemwita Bibi Maswali alikuwa ametoka kunywa maziwa kwa kikombe hicho. Alitapika, kisha mikono ikaanza kumtetemeka. Nilikinusa kikombe, nikajua. Nikalibeba kopo ili daktari asome ni sumu gani. Nilinyamaza kwa sababu najua unavyompenda mjukuu wako. Niliogopa nitauguza wawili.

Amepona, Baba. Hospitali wameturuhusu jana. Kopo limebaki kwao, wala usiniombe nilirudishe. Fundi baiskeli hana kosa lolote, nenda ukamwombe radhi, tafadhali.

Msalimie sana Mama. Bibi Maswali anakuamkia, na tangu asubuhi ananiuliza kama babu bado anamtunzia kikombe chake cha bluu. Hilo nimemwambia utamjibu mwenyewe.

Ni mimi binti yako,
Mama Maswali