Gachau Amepata Kazi

Kiuu, Ruiru
Ijumaa, 14 Machi 2025

Mpendwa dada Waithira,

Niaje, Daktari wa kesho? Baridi ya huko haijakumaliza? Unakula chakula cha watu ama bado ni mkate mkavu? Sisi tuko. Goti la Cucu limepoa, siku hizi nyanya yetu anapanda ngazi bila kushika ukuta. Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo haijakaa vizuri, utaona.

Ulisema mambo ya utafiti wako yasipitie kwa simu, kwa hivyo barua hii nampa Becky wa kina Gichuru, anasafiri Jumapili. Utaisoma Jumanne. Jumatatu itakuwa imepita, ndiyo maana siombi ruhusa, nakujulisha tu.

Kwanza kazi yako. Wale watu wawili uliowabuni, Gachau Mkikuyu na Sifuna Mluhya, diploma sawa, alama sawa, kabila tu tofauti, barua zao za kuomba kazi nimezipeleka kwa mageti arobaini kutoka Ruiru hadi Thika. Hakuna msomi wa chuo chako angetembea jua hilo, uandike hivyo kwa kitabu. Simu ya Gachau imelia mara kumi na moja. Ya Sifuna mara tatu, na moja ilikuwa ya mtu wa kuuza ploti.

Agizo lako lilikuwa rahisi: wakipiga nishukuru, niseme nimeshapata kwingine, niandike kwa daftari. Mara kumi nimefanya hivyo. Ya kumi na moja ilitoka kiwanda kimoja cha Thika, kazi ya karani wa stoo. Na wewe unanijua. Nikataka kuona kama mtu wa Form Two kama mimi anaweza kukalia kiti cha mtu wa diploma. Nikaazima shati la rafiki yangu Muriithi, nikajaza magazeti kwa bahasha ionekane nzito, nikaenda.

Dada, nilipita! Nilikuwa moto. Waliniuliza mzigo unapangwaje kwa stoo, nikasema wa zamani mbele, mpya nyuma, vile napanga maziwa kwa duka la Mama Wamboi kila asubuhi. Lakini hilo ndilo swali la kazi nililoulizwa, moja tu. Mengine meneja aliuliza kwa Kikuyu: nyumbani ni wapi, mzee wangu ni nani. Bahasha hakuifungua. Weka hiyo kwa utafiti wako, nakupa bure.

Sasa sikiliza. Nje kwa benchi tulikuwa sita. Wa mwisho alikuwa Nakhumicha, jirani yetu wa mlango wa tatu, Mluhya kama Sifuna wako, yule Cucu humpelekea mboga ya sukuma. Diploma yake ni ya kweli, nimeiona kwa macho yangu, na bado anafua nguo za wanafunzi huko Wendani. Karani akaita, "Gachau!" Nikasimama. Nakhumicha akaniangalia kuanzia kola hadi viatu. Nilipotoka, waliobaki wakaambiwa waende nyumbani, nafasi imejaa. Yeye hata ndani hakuingia.

Imejazwa na nani? Na mtu asiye na mama. Ulimzaa wewe kwa kompyuta.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Tangu hapo tukikutana bombani ananisalimu tu, kwa sauti, mbele ya watu: "Habari ya kazi, Gachau?" Nami, na huu mdomo wote, nachukua mtungi kabla haujajaa, naondoka. Nikimweleza, nimevunja siri yako, na kampuni zikijua, miaka yako minne imeenda na maji. Nikinyamaza, anaamini nilinunua vyeti nikamlia kazi.

Naogopa, dada. Hilo neno nimeliandika mara moja, usije ukanionyesha nikiwa mzee.

Nimeamua hivi. Jumapili tukitoka kanisani nitamweleza Nakhumicha kila kitu, yeye peke yake. Jumatatu saa mbili wanangoja vyeti vya Gachau. Nitamwendea meneja nimwambie sina diploma, nilidanganya kujaribu bahati. Jina lako halitatoka, wala la Sifuna. Kisha nitamwambia kuna mwanamke aliachwa kwa benchi, ako pale getini, na bahasha yake ina kitu ndani. Nakhumicha akikataa kuja, ni haki yake. Meneja akiniitia polisi, mwambie Cucu pole pole.

Wewe futa kiwanda hicho kwa hesabu zako. Ni cha thelathini na moja, nimekizungushia kalamu nyekundu kwa daftari. Kimoja kati ya arobaini nimekuharibia mimi. Nisamehe, halafu unigombeze, kwa mpangilio huo.

Msalimie shemeji Owino na kabinti kenu Wangechi, aambiwe mjomba wake alikuwa karani kwa siku sita. Cucu anasema uvae soksi mbili. Mungu akulinde huko, akurudishe na ile kofia ya udaktari tuivalie picha sote.

Mimi sina ombi kubwa. Jumatatu jioni, pale bombani, nataka Nakhumicha aniite kwa jina langu, si Gachau, hata kama litafuatwa na matusi.

Ni mimi nduguyo, nikupendaye hata ukinikasirikia,

Kagwe