Faili la Simu ya Namawala

Felista, ndugu yangu,

Hapa Ifakara mvua zimekwisha, vumbi limerudi. Nimekaa kwenye meza yetu, upande wangu uleule. Upande wako amekaa Bi Tatu, mama mtu mzima aliyehamishiwa kwetu kutoka Morogoro. Ni mpole. Ningependa awe mkali, ningepata sababu ya kutompenda.

Tangu tukuzike nimeshindwa kukuandikia. Leo naanza na simu, maana ndizo zilizotukalisha meza moja.

Unakumbuka yalivyofika yale maboksi? Bosi akatueleza kwamba simu hizi hazifuati nyaya za posta. Sauti itapita njia ileile ya kompyuta, na kwenda zahanati za vijijini itaruka hewani, mlingoti hadi mlingoti. Kila simu ilitaka faili lake kwenye kompyuta kuu: namba ya kupigiwa, njia ya kupita, jina la mwenyewe. Faili likiwa sawa, simu ukiichomeka tu, popote ilipo, inalitafuta na kujipanga yenyewe. Ukikosea herufi moja, inakaa bubu. Wewe ulisoma namba zilizobandikwa mgongoni mwa simu, mimi nikaandika.

"Nane au B?" nakuuliza.

"Nane, Kulwa! Ina kiuno, huioni? Nyie Wasukuma mnajua kuhesabu ng'ombe tu."

Nami nakujibu kwamba Wandamba mnahesabu samaki mkishawala. Bosi anakohoa, tunanyamaza, halafu tunaanza tena.

Faili la zahanati ya Namawala uliliandika mwenyewe. Ulisema la kwenu haligusi mtu mwingine. Simu yake tukairudisha kabatini ingoje mlingoti, na mlingoti ukangoja kiangazi, kwa sababu lori lisingepita kwenye tope. Kisha ukaomba likizo ukamsaidie mama kupanda mpunga.

Habari zako aliniletea kaka yako Gaspa, amesimama mlangoni pa ofisi, tope hadi mapajani. Homa ilikushika ghafla, zahanati wakakuchoma sindano, ukaanza kuweweseka. Wakasema uletwe hospitali. Gari hakuna. Gaspa akatoka na baiskeli, na sehemu kubwa ya njia aliibeba begani. Tukapata gari, tukarudi naye. Karibu na kwenu tukasikia kilio. Dereva akazima injini bila kuambiwa.

Na simu ilikuwa kabatini, Felista. Imefungwa vizuri, faili lake tayari. Kila mtu ananiambia hakuna wa kulaumiwa, nami najua. Najua, lakini...

Kiangazi tulisimamisha mlingoti. Mimi ndiye niliyeichomeka simu. Taa ikawaka nyekundu, ikang'ang'ania, nikasema basi, kuna kosa. Halafu ikageuka kijani, namba ikatokea, na chini yake "Zahanati Namawala", kama ulivyoandika. Haikuhitaji mkono wa mtu. Mganga akapiga makofi. Mimi nikatoka nje.

Mama yako alikuwa ameketi kwenye benchi la zahanati. Nikamwamkia. Akaniuliza, "Kwa hiyo sasa mtu akizidiwa, huko Ifakara watasikia?"

"Watasikia, mama."

Akautazama mlingoti. "Mbona wamechelewa kusikia?"

Nilikaa kando yake, akanishika mkono, tukakaa hivyo mpaka dereva aliponiita.

Baada ya hapo bosi aliniomba, kwa upole tu, simu ya meza yako niiandike jina la Bi Tatu. Nikafungua faili lako. Nikafuta Felista, nikaandika Tatu. Lakini simu haisomi jina jipya mpaka uichomoe na kuichomeka tena, na mkono wangu ukagoma kwenye waya.

"Kuna tatizo, mwanangu?" akauliza Bi Tatu.

"Hakuna, mama."

Nikavuta. Kioo kikawa kitupu, kisha likaja jina lake. Nilishindwa kujizuia. Bila kuuliza kisa, yule mama akafungua khanga yake begani akanipa nifutie machozi.

Ofisini siku hizi hawakutaji. Wakilikaribia jina lako wanageuza mazungumzo, wananionea huruma. Nilidhani ni huku tu, hadi mama yako aliponipigia kutoka zahanati, siku aliyokwenda kupima presha. Kumbe na kijijini ni hivyo hivyo, wanaogopa kumtonesha kidonda. "Wananinyamazia, Kulwa," alisema. "Utadhani sikuzaa."

Tumekubaliana, kila akienda kupima tutazungumza. Pumzika, ndugu yangu. Nimelia vya kutosha kwenye karatasi hii, wino umeanza kutambaa. Ninachokuahidi ni hiki: mama akishika simu, nikishamwamkia, nitakutaja mimi kwanza, nimwache aongee mpaka achoke.

Ni mimi,
Kulwa