Vipimo Nilivyochukua Juu ya Sweta

Nyumba za Makarani,
Shamba la Chai, Igowole,
Mufindi.
Jumapili, 13 Julai 2025

Mpendwa Shangazi Mwanaidi,

Shikamoo, shangazi yangu. Kabla hujaendelea kusoma, nakuomba uikunje barua hii uiweke mkobani, uje uisome ukiwa peke yako nyumbani. Kila neno lililomo humu libaki kwako. Mwanao Rayyan asilijue, na zaidi ya wote baba yangu asilijue. Ukishamaliza kuisoma, itie jikoni iungue.

Natumaini hamjambo nyote hapo Mbeya. Miguu ya Bibi inaendeleaje na baridi hii? Kama bado inavimba, mwambie asikae na ndala sakafuni. Binti yako Bibie naye amekwishapata majibu ya mtihani wake? Mara ya mwisho uliniambia hali wala halali kwa wasiwasi, nikacheka. Leo nisingecheka.

Mimi ni mzima wa mwili. Chakula kinashuka, kikohozi cha mwezi uliopita kimekwisha. Nikisema moyo nao ni mzima nitakuwa nakudanganya, shangazi.

Utashangaa kwa nini nimeandika kwa karatasi wakati simu zipo. Simu yangu imeunganishwa na saa ya kazini, na kila ujumbe unaoingia unaandikwa kwenye kioo cha saa mkononi. Clement, meneja wetu wa watumishi, anakaa meza inayotazamana na yangu. Sijui kama kompyuta yake nayo inausoma ujumbe huo. Huenda haisomi. Lakini siku hizi naogopa hata kisichoniogopesha, ndiyo maana nimempa barua hii Didas, dereva wa lori la mbao anayekuja huko kesho.

Utakumbuka kwamba mwezi wa tano nilikupigia kukuuliza namna ya kumchagulia mtu saa janja inayomkaa. Nilikwambia kampuni inataka kuwavalisha wachumaji wote sitini na wanne wa kitalu chetu, ili ijue nani yuko kazini na nani baridi imemzidia. Ukanieleza bila haraka, ingawa nilisikia wateja wakikuita hapo kwenye duka lako la saa. Ulisema mkono uwe mtupu. Nichukue kipande cha karatasi, nikizungushe juu kidogo ya mfupa wa kifundo, nitie alama, nikinyooshe kwenye rula. Mwenye chini ya sentimita kumi na tano apewe uso mdogo na mkanda mfupi, kwa sababu uso ukizidi upana wa mkono unabinuka na zile taa za nyuma zinazosoma mapigo hazigusi ngozi. Mkanda ukazwe kiasi cha kupitisha kidole kimoja, cha pili kikatae. Na kwa watu wa umande na jasho, ukasema, kitambaa cha nailoni kinachojibandika ni bora kuliko mpira. Mpira una matundu, na mkono mwembamba hukosa tundu lake.

Yote hayo niliyaandika kwenye daftari. Ninalo hapa mbele yangu. Siwezi kujitetea kwamba sikujua.

Siku ya kupima ilikuwa asubuhi ya ukungu mzito, akina mama wamejipanga kwenye banda la mizani, kila mmoja na sweta yake na mikono ya plastiki ya kuzuia umande juu yake. Wa kwanza alikuwa Faustina, mama wa miaka hamsini na kitu, mdogo wa mwili, mchumaji mwepesi kuliko wote. Nilimwomba akunje mikono ya nguo. Alipoanza kukunja, vicheko vikaanza.

"Karani, unatupimia pingu?" mmoja akauliza.

"Pingu gani, huyu anaposa," akajibu wa nyuma yake. "Kijana, ukishamshika mama wa watu mkono hadharani, mahari unaleta lini?"

"Mwacheni mtoto," Faustina akasema. "Anatetemeka kuliko sisi."

Shangazi, unajua tulivyolelewa. Kumshika mkono mtupu mwanamke wa rika la mama yangu, mbele ya manyapara wanaume, uso uliniwaka. Nikamwambia, "Basi mama, teremsha tu, haina haja," nikazungusha tepu ya fundi cherehani juu ya sweta. Nikafanya hivyo kwa wote sitini na wanne. Kwenye karatasi nikampunguzia kila mmoja sentimita moja, nikajiona nimetumia akili. Sikujua kwamba Faustina alikuwa na sweta mbili, na ile ya ndani pindo lake limekunjwa.

Fomu ya kuagizia ilikuwa na mstari chini: "Vipimo vimechukuliwa kwenye ngozi, mkono ukiwa mtupu." Nikatia saini. Jina langu liko pale kwa wino wa bluu.

Saa zilifika mwezi wa sita. Wenye mikono minene hawakupata shida, walikaza mkanda tundu moja au mawili wakaendelea na kazi. Wembamba kumi na mmoja ndio walioponzwa. Wamepewa uso mkubwa na mkanda mrefu, na hata kwenye tundu la mwisho saa inazunguka kama bangili. Akiinua mkono kutupa majani kikapuni inateremka hadi karibu na kiwiko, akishusha inagonga mfupa. Baadhi yao walizifunga kwa kamba za vitambaa. Liberatus, nyapara wao, akazikata zile kamba akisema ni kuharibu mali ya kampuni.

Kwenye kompyuta yangu kila mchumaji ana mstari wake. Mapigo ya moyo yakisomeka mstari unakuwa kijani. Yasiposomeka unakuwa kijivu, na pembeni panaandikwa "haijavaliwa". Kanuni iliyobandikwa ukutani inasema atakayeonekana hakuivaa saa siku kumi ameikataa, na aliyeikataa saa ameikataa kazi. Mstari wa Faustina una siku ishirini na tatu za kijivu.

Nilijaribu kusema. Nilimwambia Clement kwamba mizani inaonyesha Faustina anachuma kila siku, tena kuwazidi wengine, sasa mtu wa namna hiyo ataikataaje saa?

"Labda anaivua akifika shambani," akasema. "Saa haina ndugu, Farhan. Ndiyo maana tukainunua."

Hapo ndipo nilipaswa kumweleza habari ya sweta. Nilifungua mdomo nikamuuliza kama anakunywa chai.

Kumbe kuna baya zaidi, shangazi, nalo ndilo linalonimaliza. Siku moja Liberatus alimwambia Faustina mbele ya wenzake, "Unasema umeivaa, na saa inasema huna mapigo. Sasa wewe ni msukule wa nani?"

Walicheka wote. Faustina naye alicheka, akamjibu, "Wa kwako. Huoni navyokuchumia?"

Lakini huku, watu wanakoamini kwamba wachawi huwatumikisha wafu mashambani, maneno ya namna hiyo hayafi. Wiki ya pili hakuna aliyecheka. Yule mama aliyekuwa akichuma mstari wa jirani naye aliomba kuhamishwa. Kikombe cha uji walichokuwa wakipokezana, sasa akinywa yeye kinabaki kwake. Naambiwa hata kanisani anakaa benchi peke yake. Akina mama aliowazalisha kwa mikono yake wanamtazama vidole kama kweli vina uhai. Mimi ninayejua sababu napita hapo kila asubuhi na daftari kwapani.

Jana Jumamosi alikuja ofisini wengine walipokwenda kula. Akasimama mlangoni mpaka nilipomkaribisha.

"Kamwene, mwanangu," akasema, ndiyo salamu yao Wahehe. "Wewe umesoma, niambie kweli. Nimekwenda zahanati mara mbili. Nesi anasema moyo upo. Lakini nesi ananishika dakika moja, saa inanishika kutwa nzima. Nani mkweli hapo?"

Nilichukua kipande cha karatasi, nikamwomba mkono, nikampima mtupu kama ulivyonifundisha. Sentimita kumi na tatu na nukta tisa. Kwenye fomu niliandika kumi na saba na nusu. Niliposhika pale mkononi nilisikia mapigo yake chini ya kidole changu, yenye nguvu, yasiyokosea. Nikamwambia nitaangalia. Akanishukuru, akanipa viazi viwili vya kuchemsha alivyokuwa amefunga kwenye kanga.

Orodha ya watakaoondolewa inatoka Ijumaa tarehe 18, na mwandishi wake ni mimi. Nimekwisha kuandika majina kumi. La kumi na moja ni lake. Akiondolewa anatoka pia kwenye nyumba ya kampuni aliyokaa miaka ishirini na miwili. Mume alikwishafariki. Kwao ni Kilolo, lakini shamba la huko kaka zake waligawana zamani, na hawezi kurudi kwao na jina la msukule likimtangulia.

Nakuomba mambo mawili. La kwanza ni la dukani. Saa hizi za uso mkubwa zinachukua mkanda wa milimita ishirini na mbili. Je, unayo mikanda mifupi ya nailoni ya upana huo, kumi na mmoja? Na ukiupata mkanda sahihi, uso ule mkubwa utatulia kwenye mkono wa sentimita kumi na nne, au utaendelea kubinuka? Nimefikiri labda waivae upande wa ndani wa mkono, palipo bapa, lakini sitaki tena kutumia akili yangu bila kuuliza. Kama unayo, mpe kondakta wa basi la Iringa aishushe Mafinga, nitaifuata mwenyewe.

Nilipoanza kuandika nilidhani jambo langu lingeishia hapo. Nilijiambia mikanda ikija mistari itakuwa kijani, na hakuna atakayejua. Sasa nimeandika hadi hapa nikaona kwamba mikanda haitafuta siku ishirini na tatu. Itaonekana tu kwamba Faustina alikuwa mkaidi, na alipoona orodha inakaribia akaogopa. Hakuna mkanda utakaomtoa kwenye hilo. Anayeweza kumtoa ni aliyetia saini.

Ombi la pili ndilo hilo basi. Niombee nipate ulimi. Nimejiahidi mara nne kuzungumza na Clement, na mara nne nimerudi kwenye kiti changu. Bado niko kwenye miezi sita ya majaribio. Niliandika uongo kwenye karatasi ya kampuni, na wanaweza kunifukuza siku hiyo hiyo, au kunipeleka polisi, sijui. Nawaza baba alivyomtangazia kila mteja wake pale Ipogolo kwamba Farhan wa Zubery sasa ni karani wa kampuni kubwa. Nawaza namna atakavyolikunja gazeti lake na kunyamaza. Ukimya wa baba unaujua, ulikua nao.

Nimepanga hivi. Jumatano jioni nitakwenda nyumbani kwa Faustina nimweleze yeye kwanza, maana ndiye niliyemkosea. Alhamisi asubuhi nitampelekea Clement vipande kumi na kimoja vya karatasi, vya mikono mitupu ya wembamba wote nitakaokuwa nimewapima upya, pamoja na fomu yangu. Kwa vyovyote vile sioni nitakavyobaki hapa. Wakinifukuza nitaondoka. Na nikishindwa kusema, sitaweza kuketi tena kwenye meza ile iliyoandikiwa majina hayo. Sioni mlango wa tatu, shangazi, na nimeutafuta wiki nzima.

Msalimie Bibi, umshike miguu kwa niaba yangu. Msalimie Bibie, umwambie mtihani hauli mtu. Rayyan mpe salaam bila maelezo. Binamu Nasrin akipiga simu kutoka Tunduma, mwambie sijamsahau. Mungu akuhifadhi wewe na duka lako, akupe riziki isiyokuja na hofu, na asikuonyeshe siku kama hizi zangu.

Kuhusu kunipata: usipige namba yangu, kuanzia Jumatano nitakuwa nimeizima. Namba ya Faustina nimeiandika nyuma ya bahasha. Piga Alhamisi baada ya alasiri, anakuwa amerudi kutoka mizani. Jitambulishe kwamba wewe ni shangazi wa karani, umwombe aniite. Akikubali kuja hadi kwenye nyumba za makarani kuniita, utajua kwamba nimemwambia yote na bado tunasemeshana. Akikata simu, usimpigie tena wala usimlaumu. Subiri hadi Jumamosi, kisha unitafute Ipogolo kwa baba, na kama atakuwa hataki kunitaja jina, uliza kwa fundi viatu wa upande wa pili wa barabara, yeye atajua nimelala wapi.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako, ninayekupenda na kukutegemea,

Farhan