Jiwe Lililokaa Giza

Ipagala, Dodoma

Kwa dada Sabiha,

Shikamoo dada yangu. Anayekuandikia ni yule yule Imrani wa Busi, ila siku hizi mjini naitwa Daktari wa Mawe, na si uongo: jiwe lolote la mkoa huu likiniona linaanza kujieleza lenyewe kabla sijaligusa. Wenye vyeti vyao wakikwama wananitafuta mimi niliyeishia kidato cha pili. Najua hapo umesonya. Sonya tu, nimezoea.

Vipi hali yako huko Chamwino? Kifua bado kinakubana vumbi likianza? Na shemeji Athuman hajambo? Mimi mzima, nakula, mashavu yamejaa. Ningekupigia, lakini ukiona namba yangu unakata, nami sikulaumu. Ndiyo maana nimempa Shamila, anayekuja huko, barua hii akukabidhi mkononi.

Dada, siku ile Jamaldini alipoleta mahari, ninyi wanawake mlikuwa ndani, mkasikia kelele tu. Ya barazani hamkuyaona. Ngoja nikueleze, maana siku ile ilikuwa yangu.

Jamaldini alifungua kitambaa akatoa jiwe moja, jekundu kama juisi ya rosela. Alisema amelichimba kwa mikono yake na madalali amewanyima, anataka liwe lako. Baba akanigeukia. Kwa ile sauti yake ya kunikejeli akasema haya fundi, si unajisifu una mashine, tuone basi kama mji umekufunza kitu zaidi ya kuvaa suruali za kubana. Wazee wakanicheka. Nami nikaingiza mkono mfukoni.

Chombo chenyewe ni kidogo kama tochi. Kina taa chini, na juu yake vioo viwili vyeusi vinavyotazamana. Unazungusha kimoja mpaka mwanga ukatike kabisa, halafu unaweka jiwe katikati na kuligeuza. Jiwe la kweli linawaka na kuzima, linawaka na kuzima, kwa sababu mwanga ukipita ndani yake unagawanyika mara mbili. Chupa haina ubavu huo, inabaki giza kila upande. Hayo alinifundisha mwalimu Ambokile, mjiolojia mstaafu wa hapa mjini. Alipofika hapo kwenye somo nikaona nimeshaiva, nikaaga, nikaenda zangu kuangalia mpira.

Basi nikaligeuza jiwe la Jamaldini. Giza. Nikaligeuza tena. Giza. Nikatangaza kwa sauti ya mnadani kwamba bwana harusi ametuletea kipande cha chupa, na kama anaoa kwa chupa basi akalete kreti zima. Baraza likapasuka kwa kicheko. Jamaldini hakucheka. Aliniambia, Imrani, tumekua pamoja mimi na wewe, angalia tena. Nikamjibu kwamba mashine haina urafiki. Baba mdogo Abdulwahab naye akadakia, kwamba anayedanganya kwenye mahari atadanganya mpaka kwenye unga wa watoto. Uchumba wako ulikufa hapo, chai haijapoa. Jamaldini aliondoka bila hata kuliokota jiwe lake. Watoto wa Busi wakawa wanamwita Chupa mpaka akahama, na leo wengine wanasema yuko Tunduru, wengine Msumbiji. Wewe ukapewa shemeji, anayelingana na baba kwa mvi.

Jiwe nililichukua mimi, nikawa nawachekeshea madalali. Juzi mwalimu Ambokile aliliona mezani kwangu. Alilichukua akalipima kwa chombo chake kingine, kinachoonyesha mwanga unapinda kiasi gani unapoingia kwenye jiwe. Akasema ni ganeti, kito cha thamani, tena safi kuliko zote alizowahi kushika. Nikabisha, nikamwambia lilikaa giza. Akaniuliza nilikuwa wapi siku aliyofundisha kwamba ganeti nayo hukaa giza kama chupa, na kwamba kwa sababu hiyo jiwe halihukumiwi kwa chombo kimoja.

Mama anakusalimu sana. Yule mbuzi wako mwenye doa amezaa mapacha. Nisalimie shemeji, ila haya usimsomee. Jamaldini bado namuulizia kwa kila mchimbaji anayetoka kusini.

Nilitaka niishie hapo, nisingizie chombo, au ule mpira. Lakini kuna kitu nimekiruka. Chupa huwa na viputo vya hewa ndani, hilo hata kinyozi aliye jirani na madalali analijua. Jamaldini aliponiomba niangalie tena, niliangalia, dada. Kwa lenzi. Hapakuwa na kiputo hata kimoja. Niliinua macho nikamwona baba anafuta machozi ya kicheko, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu alikuwa anacheka nililosema, hanicheki mimi. Nikaifunga lenzi, nikarudia kusema ni chupa.

Mdogo wako,
Imrani