Marubani wa Uani, Buyenzi

Mjukuu wangu Zuena,

Huku Buyenzi tuko wazima, na bibi yako anakusalimu, yeye na magoti yake mabaya. Unauliza rubani analipwaje, na kama kuruka na parashuti kuna kazi. Mwalimu wa parashuti analipwa watu wakija kuruka. Mvua ikinyesha, anakaa. Rubani wa shirika ana mshahara mnono, lakini ndege zikizuiwa, naye anakaa. Mimi nilikaa.

Ilikuwa wakati wa vita, nchi jirani zilipotuwekea vikwazo. Mama yako alikuwa bado ananyonya. Marubani wenzangu wakaingia biashara, wakanishauri niuze sare. Nikakataa katakata. Kila asubuhi nilivaa shati langu jeupe, nikaweka viti viwili uani, nikasoma kwa sauti orodha ya ukaguzi wa kabla ya kuruka. Orodha hiyo inataka mtu wa pili wa kujibu, basi bibi yako alijibu huku anachambua ndagala, vile visamaki vidogo vya ziwani.

"Mafuta?"

"Tayari!"

"Milango?"

"Imefungwa!"

Jirani yetu Hamisi akaja kusimama mbele yetu, akacheka mpaka akashika tumbo. "We rubani, ndege yenyewe iko wapi?"

Bibi yako hakuinua hata macho. "Iko inakuja. Toka kwenye kiwanja!"

Ikaja, baada ya miaka, vikwazo vilipoondolewa, na orodha nilikuwa nayo yote kichwani.

Sasa mama yako anasema urubani hauna uhakika. Ni kweli, hauna. Lakini kama umeupenda, umwambie kwa heshima zote: atoke kwenye kiwanja.

Babu yako,
Ramadhani