Sekunde Saba za Mama

Chumba cha Mitambo,
Jumba la Sinema,
14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Kinda,

Hujambo? Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya huko? Sisi hatujambo, isipokuwa magoti ya baba, ambayo kila asubuhi yana malalamiko mapya. Nimekukumbuka mpaka naongea na kiti chako pale mezani.

Unakumbuka siku wapiga filamu walipokuja sokoni wakamwomba mama apite mbele ya kamera? Filamu yenyewe imefika, tena hapa hapa ninapoendesha mitambo. Yumo! Sekunde saba, nimezihesabu. Miaka miwili tangu tumzike, wewe hukuwahi hata mazishi, na hatuna picha yake nyingine inayotembea.

Nikasema nikurekodie kwa simu. Sasa sikia ujinga wa dada yako. Mwezi uliopita meneja alileta taa za kukomesha wezi wa filamu. Zinakaa nyuma ya skrini. Mwanga wake jicho halioni, ila kamera inauona, na picha inaharibika. Nani alizifunga? Mimi, tena kwa madaha. Nikasahau kabisa. Nilipofungua simu, uso wa mama ulikuwa michirizi mitupu. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Nikamwomba meneja tuzizime kidogo tu. Akasema, “Dada, nikizizima kwa ajili yako leo, kesho nitamkatalia nani?” Nililia chooni, sikufichi. Wenye filamu nao nimewaandikia kuwaomba kipande hicho; hawajajibu.

Basi nakueleza kwa kalamu. Amevaa gauni la bluu, lile ulilomnunulia kwa mshahara wako wa kwanza. Anapita na kapu, anasimama, anageuka, anatazama kamera moja kwa moja, kosa alilokatazwa. Midomo inatikisika, sauti haipo. Baba anasema anauliza bei ya vitunguu. Mimi nimemtazama mara thelathini na moja, na naona anakuita wewe.

Baba anakusalimu sana. Shangazi mshonaji naye, anauliza kama bado unapoteza vifungo. Mungu akufunike huko uliko.

Filamu inaondoka Jumapili ya mwisho wa mwezi. Kiti cha pembeni, safu ya nne, nimekifunga kitambaa, hakuna anayekikalia. Zile taa huzuia kamera tu, mdogo wangu. Macho haziyazuii. Njoo umwone.

Ni mimi nikupendaye kuliko ninavyosema,
Dada yako.